Kabla Hujanunua Arduino: Vidokezo 13 kwa Mpenda Elektroniki

Ukitaka kumjua mtu aliyepatwa na ugonjwa wa elektroniki, fungua droo ya meza yake. Utakuta skrubu zisizo na mwenyewe, spika iliyong'olewa kwenye redio, na chaja zilizokatwa waya. Kama droo yako iko hivyo, au unatamani iwe hivyo, vidokezo hivi ni vyako. Havikupangwa kama silabasi. Vingine ni virefu kwa sababu ndipo penye utamu, na vingine ni mistari michache kwa kuwa hakuna la zaidi la kusema.

1. Anza na kero, kifaa kitafuata

Wanaoanza huuliza "ninunue nini?" Swali lenye faida zaidi ni "nini kinanisumbua?" Richard Turere hakuwa na sanduku la vipuri wala mwalimu wa elektroniki. Alikuwa mtoto wa Kimaasai kule Kitengela, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Simba walikuwa wakitoka hifadhini usiku na kuua mifugo. Akajaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona vizuri ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu la kuwatisha. Siku ya kwanza walirudi nyuma, siku ya pili wakalizoea. Usiku mmoja alipokuwa anazunguka zizi na tochi, simba hawakuja, naye akaelewa: wanaogopa mwanga unaotembea.

Basi akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola ya kuichaji, swichi, balbu za tochi mbovu, na kile kidude cha pikipiki kinachofanya indiketa iwake na kuzima. Akazipanga balbu kuzunguka zizi zikitazama nje, zikawa zinapepesa kana kwamba kuna mtu anatembea na tochi usiku kucha. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED kule California akaeleza alivyofanya. Elektroniki yenyewe alikuwa ameisomea kwenye redio mpya ya mama yake, ambayo aliifumua yote, na mama hakufurahi hata kidogo.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike kero tatu za hapo nyumbani. Tangi linafurika pampu ikisahauliwa. Taa ya choo cha nje inabaki inawaka hadi asubuhi. Vifaranga wanapata baridi usiku. Moja kati ya hizo ndiyo mradi wako, na utaumaliza kwa sababu kero haitakuacha.

2. Mita kabla ya kitu kingine chochote

Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa ya rangi ya njano inayouzwa kila duka la vipuri. Itakuambia betri ina volti ngapi, waya umekatika au mzima, na rezista iliyofutika rangi ina thamani gani. Chagua yenye mlio wa kupima mwendelezo. Utautumia mlio huo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nusu ya matatizo ya elektroniki ni waya usiogusa unapotakiwa kugusa, au unaogusa usipotakiwa.

Onyo moja. Ukiwa umeweka mita kwenye kipimo cha ampea, usiishike moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Hapo mita inakuwa kama waya mtupu, inapiga shoti, na fyuzi yake ya ndani inakatika. Mita nyingi zinazosemekana "hazipimi mkondo" zina fyuzi iliyokufa tu.

3. Umeme mdogo kwanza

Umeme wa ukutani, volti 230, mwachie fundi umeme. Kwa mezani kwako volti 5 zinatosha kwa muda mrefu sana, na volti 12 ni ukubwani. Betri tatu za tochi zilizopangwa mfululizo hutoa volti 4.5, nazo haziwezi kukudhuru.

Chaja ya simu isiyotumika nayo ni chanzo kizuri cha volti 5. Kata waya wake wa USB, na ndani kwa kawaida utakuta wa nyekundu ambao ni chanya na mweusi ambao ni hasi. Hakikisha kwa mita, maana viwanda vingine havifuati rangi. Ila chagua chaja iliyokuja na simu ya maana. Zile za bei ya maandazi hutenganisha umeme wa ukutani na ule wa kwenye waya kwa ukuta mwembamba mno, na mtu hawezi kuuona ukuta huo kwa macho. Kama watoto wanashiriki, tumia betri, basi.

4. Hesabu moja tu, ila uijue kama jina lako

Sheria ya Omu inasema volti ni sawa na ampea mara omu. Hesabu za darasani zipo nyingi, lakini hii ndiyo itakayookoa vipuri vyako.

Tuseme unataka kuwasha taa nyekundu ya LED kwa volti 5. Taa yenyewe inatumia kama volti 2. Zinabaki 3, na hizo lazima zimezwe na rezista. Ukitaka mkondo wa miliampea 10, yaani ampea 0.01, gawanya 3 kwa 0.01 upate omu 300. Dukani hutaipata kirahisi, lakini 330 ipo, na 470 pia itafanya kazi na mwanga utatosha. Ukiunga taa hiyo bila rezista, itawaka sana kwa sekunde kidogo, kisha haitawaka tena.

Rangi za rezista nazo zina utaratibu: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mstari wa tatu unakueleza uongeze sufuri ngapi. Njano, zambarau, kahawia ni 4, 7 na sufuri moja, yaani omu 470. Hiyo ndiyo ya kununua kwa wingi.

Taa nyeupe ni habari nyingine, inataka kama volti 3. Sababu ni kwamba taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya bluu iliyopakwa unga unaotoa mwanga wa njano, na macho yetu huchanganya bluu na njano kuwa nyeupe. Taa nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini ya bluu yenye mwanga wa kutosha iliwatoa jasho watafiti mpaka miaka ya 1990. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Taa ya sola iliyochukua nafasi ya koroboi kijijini kwenu ni mjukuu wa taa hiyo ya bluu.

5. Jifunze kusoma mchoro

William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2002. Akawa anakwenda maktaba ya kijijini, akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo alianza na michoro, kisha akatafuta maneno yanayoelezea mchoro. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na dinamo akasimamisha kinu kilichowasha balbu nyumbani kwao. Mwaka 2007 alialikwa Arusha kwenye mkutano wa TEDGlobal, na hapo ndipo dunia ilipomfahamu.

Mchoro wa saketi unasomeka vilevile Tanga, Tokyo na Turin. Mstari wa kukunjakunja au kimstatili ni rezista. Mistari miwili, mrefu na mfupi, ni betri, na ule mrefu ndio chanya. Pembetatu yenye vishale vinavyotoka ni LED. Nyaya mbili zinapopishana na kuna nukta, zimeunganishwa. Pasipo na nukta, zinapita tu. Nunua daftari, na kila saketi unayoijaribu ichore upya kwa mkono wako kabla hujagusa waya. Kunakili kwa macho hakuingii kichwani.

6. Kutana na 555

Kama ningepewa nafasi ya kumtetea kipuri mmoja, ningemtetea huyu. Ni kidude cheusi chenye miguu minane, bei yake haifiki soda, na kilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi aliyezaliwa Uswisi, akiifanyia kazi kampuni ya Signetics ya Marekani. Kiliingia sokoni 1972 na hadi leo bado kinatengenezwa kwa mamilioni. Vipuri vingapi vya umri huo unavijua ambavyo havijastaafu?

Kazi yake ni kuhesabu muda. Tukifanye kipepese. Tafuta ubao wa majaribio wenye matundu, ule usiohitaji kulehemu, na betri ya volti 9. Miguu inahesabiwa kuanzia kwenye alama ya nukta au pengo, ukishuka upande wa kushoto kisha ukipanda wa kulia. Mguu wa 1 uende hasi. Wa 8 na wa 4 iende chanya. Kati ya 8 na 7 weka rezista ya omu 1,000. Kati ya 7 na 6 weka ya omu 68,000. Unganisha 6 na 2 kwa waya. Kutoka mguu wa 2 kwenda hasi weka kapasita ya mikrofaradi 10, upande wake wenye mstari ukitazama hasi. Mguu wa 3 ndio unaotoa kazi: weka rezista ya omu 470, kisha LED, kisha hasi.

Taa itapepesa takriban mara moja kwa sekunde. Kinachotokea ni kwamba kapasita inajaa polepole kupitia rezista. Ikifika theluthi mbili za volti za betri, 555 inaimwaga hadi theluthi moja, halafu inaanza upya. Badilisha kapasita iwe ya mikrofaradi 1 na taa itakimbia mara kumi zaidi. Weka ndogo kabisa, toa LED na rezista yake, weka spika ndogo pamoja na kapasita, na utaanza kusikia sauti. Hapo ndipo watu wengi wananogewa.

Kidude hichohicho, ukikipanga kwa namna nyingine, kinawasha taa kwa muda fulani ukibonyeza kitufe na kuizima chenyewe. Muda huo ni 1.1 mara rezista mara kapasita. Omu 100,000 na mikrofaradi 470 zinakupa karibu dakika nzima. Hiyo ndiyo dawa ya taa ya choo cha nje. Na kile kidude cha indiketa cha Turere? 555 na transista kubwa kidogo, au relei, vinaifanya kazi yake bila shida.

7. Bomoa vifaa vibovu, lakini ujue usiguse nini

Duka la vipuri lililo karibu nawe zaidi ni lile la vyuma chakavu. Printa iliyokufa ina mota nzuri za hatua, fimbo zilizonyooka, gia na springi. Redio ya kaseti ina mota ndogo, spika, na vitufe. UPS ya ofisini iliyotupwa ina transfoma na mara nyingi betri ya volti 12. Mafundi simu wana makopo ya bodi mbovu, na ukiwasalimia vizuri watakugawia.

Sasa upande wa pili. Usifungue maikrowevu. Usifungue TV ya chogo, kwa kuwa kioo chake hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000 na kinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi hufika kama volti 325 kwenye kapasita kubwa ya ndani ya pawa saplai ya kompyuta, na kapasita hiyo haina habari kwamba umechomoa plagi. Iache siku nzima, kisha ipime kwa mita kabla hujaigusa. Fundi mzoefu hufanya hivyo kila mara, na ndiyo maana amekuwa mzoefu.

8. Kulehemu: pasha kiungo, usipashe risasi

Wengi wanayeyusha risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemu kisha wanaipaka kwenye bodi. Matokeo yake ni kitone cha mviringo kilichokaa juu, kisichong'aa, kinachoachia ukitikisa. Njia yenyewe ni hii: gusisha ncha ya chuma kwenye mguu wa kipuri na kwenye shaba ya bodi kwa pamoja, subiri sekunde moja au mbili, kisha leta risasi kwenye kiungo upande wa pili. Ikiyeyuka yenyewe na kutandaa kwa mteremko, ondoa risasi, halafu ondoa chuma. Usipulize. Usitikise.

Risasi ya mchanganyiko wa 63 kwa 37 huyeyuka nyuzi 183 za sentigredi na hutoka kwenye umajimaji kwenda ugumu papo hapo, kwa hiyo inasamehe mkono unaotetemeka kuliko ile ya 60 kwa 40. Chuma cha wati 30 au 40 kinatosha. Moshi unaouona ni wa dawa iliyomo ndani ya waya wa risasi, fungua dirisha. Madini ya risasi yenyewe hubaki vidoleni, basi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukaa kwenye ugali.

9. Ndimu, kwa ajili ya watoto

Chomeka msumari wa bati na kipande cha waya wa shaba kwenye ndimu, visigusane. Utapata kama volti 0.9. Unga ndimu nne mfululizo na LED nyekundu itawaka kwa unyonge gizani. Waeleze watoto kwamba umeme unatokana na zinki iliyo juu ya msumari inayoliwa polepole, wala hautokani na uchachu wa ndimu. Na ndimu hizo zisirudi jikoni.

10. Kengele ya tangi, mradi wa kumaliza Jumamosi moja

Huu nauweka hapa kwa sababu kila mwenye simtank anaujua uchungu wa maji yanayomwagika uani huku bili inapanda. Unahitaji transista moja aina ya BC547, rezista ya omu 1,000, baza ya volti 5, betri tatu za tochi, na skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Elekeza uso bapa wa BC547 kwako, miguu chini: kushoto ni kolekta, katikati ni besi, kulia ni emita. Chanya ya betri iende kwenye mguu mrefu wa baza. Mguu mfupi wa baza uende kolekta. Emita iende hasi. Skrubu ya kwanza iunge na chanya ya betri, ya pili iunge na rezista, na rezista iende besi. Skrubu zote mbili zifunge juu ya tangi, pale unapotaka maji yaishie, zikiachana kama sentimita moja au mbili.

Maji yakizigusa, mkondo mdogo sana unapita ndani yake na kuingia kwenye besi, na transista inaukuza hadi baza inalia. Maji ya kisima yana chumvi, yanapitisha umeme vizuri. Maji ya mvua ni mabishi. Kama baza inanong'ona tu, ongeza BC547 ya pili: emita ya kwanza iende besi ya pili, kolekta zote mbili ziunganishwe pamoja kwenye baza, na emita ya pili ndiyo iende hasi. Ukuzaji wa moja unazidishwa na wa nyingine.

Kuna mambo mawili ambayo michoro mingi haikuelezi. La kwanza, usitumie misumari ya kawaida wala shaba ndani ya tangi, kwa sababu umeme wa upande mmoja unaila haraka na kutia maji rangi. Skrubu zikiwa juu kabisa, zinaguswa na maji kwa muda mfupi tu na zinadumu. La pili, tumia betri. Usilete waya wa chaja iliyochomekwa ukutani karibu na maji, hata kama unaiamini.

11. Sasa Arduino, na ndugu zake

Ukishafika hapa, umestahili. Arduino, bodi ndogo unayoiandikia programu, ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye shule ya usanifu, ikijengwa juu ya kazi ya awali ya mwanafunzi wa Kolombia, Hernando Barragán. Jina walilichukua kwenye baa waliyokuwa wakikutana, nayo ilikuwa imepewa jina la mfalme wa zamani wa huko. Nia yao ilikuwa wanafunzi wa sanaa, watu wasiojua uhandisi, waweze kuunda vitu vinavyohisi na kutenda. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana nakala za bei nafuu zimejaa madukani Kariakoo na Luthuli Avenue bila mtu kuvunja sheria, mradi tu zisijiite Arduino halisi.

Bodi yake ya Uno ya kizazi cha zamani ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, lakini inatosha kuendesha bustani nzima ya mchicha. Ukitaka kitu kinachozungumza kwa Wi-Fi, tafuta bodi ya ESP8266, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai iliyotoka 2014, au mdogo wake ESP32. Hizi zinatumia volti 3.3. Ukiziunga kwenye sensa ya volti 5 bila kupunguza, unazikaribisha kaburini. Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ni kompyuta kamili. Kuinunua ili iwashe taa moja ni ufujaji, nasema wazi.

Kosa linaloua bodi nyingi ni kuunga mota au pampu moja kwa moja kwenye mguu wa bodi. Mguu wa Uno hiyo haupaswi kutoa zaidi ya miliampea 20, na pampu ndogo kabisa inadai zaidi ya hapo mara kadhaa. Weka transista au relei katikati, na daiodi ya 1N4007 sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Mota ikizimwa, koili yake hurudisha umeme kwa nguvu, na daiodi ndiyo inayoumeza. Kwa wakulima, sensa ya unyevu wa udongo yenye meno mawili ya shaba iliyo wazi huliwa na udongo ndani ya muda mfupi. Ile inayopima kwa kapasita, iliyofunikwa yote, inadumu.

12. Betri za laptop: tamu na hatari

Ndani ya betri ya laptop ya zamani iliyotupwa kwa kawaida kuna seli za mviringo ziitwazo 18650, maana yake kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Mara nyingi seli moja au mbili ndizo mbovu na nyingine ni nzima. Kila moja ina volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikijaa. Inayopima chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua, peleka kwenye taka za elektroniki. Usizichaji bila bodi yake maalumu, kama ile ya TP4056, wala usizilehemu kwa kuzichoma muda mrefu. Ikivimba, ikipata joto yenyewe au ikitoa harufu tamu, itoe nje ya nyumba mara moja. Kwa anayeanza, betri ya risasi ya volti 12 ni rafiki mpole zaidi, ila nayo weka fyuzi. Betri ya volti 12 haikurushi ukiigusa, lakini ikipigwa shoti inayeyusha waya na kuwasha paa la makuti.

13. Tafuta wenzako, kisha maliza

Ukikaa peke yako utakwama wiki mbili kwenye tatizo ambalo mwenzako angelitatua wakati chai inapoa. Dar es Salaam kuna Buni Hub ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama, Nairobi kuna FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukiwa mbali na hapo, mtafute fundi redio wa mtaani. Anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na hana haraka kama unavyodhani.

Kisha maliza. Mradi uliobaki kwenye ubao wa matundu utafumuka paka akipita mezani. Uhamishie kwenye bodi ya kulehemu, uuingize kwenye kontena la plastiki la chakula, toboa tundu la waya na ufunge fundo kwa ndani ili waya usichomoke ukivutwa. Juu yake andika kwa kalamu ya wino usiofutika: inatumia volti ngapi, upande gani ni chanya, na tarehe. Miezi sita ijayo hutakumbuka hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa leo jioni, betri ya volti 9, LED nyekundu na rezista ya omu 470 vinatosha. 555 itakusubiri hadi Jumamosi.